Moto Nisiousikia

Asalaam aleykum, nyinyi wa msikitini. Na nyinyi mliovuka mto asubuhi hii kuja huku kwetu, mlio wa kanisani, amani iwe kwenu pia. Nitazungumza Kiswahili, ingawa Kiorma changu ndicho kitamu. Hapa kuna Waorma, kuna Wapokomo, kuna Wasomali wa maduka, na nesi wetu katoka mbali huko pwani. Nikikosea maneno mtanisahihisha baadaye. Sasa nisikilizeni.

Kwanza niseme wazi kwamba nimekuja na hasira. Hii ni mara ya tatu nasimama mbele ya watu kueleza habari hii. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili walisema, "Pole sana, mzee," wakaenda zao. Leo nimefika hapa nikakuta chupa nne za chai zimepangwa pale mbele. Nikamwuliza mama aliyeipika, "Hii ina sukari?" Akanijibu, "Mzee, chai bila sukari si ni dawa ya kikohozi?" Mkutano wa ugonjwa wa sukari, ndugu zangu! Haya, chekeni. Mimi sicheki.

Mimi nilikuwa mtu wa ng'ombe. Wengi wenu mnanijua, na wasionijua watazame huu mguu, wataelewa mbele ya safari. Nilizaliwa nyuma ya Wenje, mbali na mto, na tangu nilipoweza kushika fimbo nilikuwa nyuma ya mifugo. Kiangazi tulishuka nao hadi delta, kule mto unakoingia baharini, kutafuta majani. Mvua zikinyesha tukapanda nao tena barani. Hakuna aliyeniambia nifanye mazoezi. Ng'ombe wakikutembeza kutoka alfajiri hadi magharibi, jua kichwani, mchana umekunywa maziwa tu, utaambiwa mazoezi gani? Chakula chetu kilikuwa maziwa. Mabichi, ya mgando, ya kwenye chai. Ugali kidogo. Nyama siku za heri. Nilikuwa mwembamba kama ufito na sikujua hospitali inanukaje.

Kisha mvua ikakosa. Ikakosa tena. Mlioona ukame ule hamhitaji kuelezwa. Ng'ombe walikuwa wakianguka njiani kuelekea delta. Unamwinua, mmoja ameshika mkia, mwingine pembe, anasimama, anakutazama, kisha anaanguka upande ule ule. Mwishowe hata kuwainua tuliacha. Nilirudi nyumbani nimeshika fimbo, na hakuna hata ndama wa kumwelekeza nayo.

Basi tukahamia kando ya lami, karibu na Garsen, kama wengi walivyofanya. Mke wangu akaanza kuuza mboga anazochukua kwa wakulima. Mimi shemeji yangu akanipa pikipiki nibebe abiria. Na hapa, ndugu zangu, ndipo nataka mfungue masikio, kwa sababu hapa hakuna aliyeniona nikiumwa. Hapa kila mtu aliniona nimepona.

Nikawa mtu wa kukaa. Nakaa juu ya pikipiki nikingoja abiria. Asipokuja, nakaa kwenye baraza ya duka na wenzangu. Msikiti uko pale, ukirusha jiwe linafika, na mimi nilikwenda kwa pikipiki. Wallahi. Nilikuwa naiwasha kwenda mahali ambapo ningefika kabla haijapata moto.

Na chai. Maziwa tulikuwa hatuna tena, tunakunywa ya rangi. Sasa mtu aliyezoea maziwa, chai ya rangi kwake ni kama maji ya mwarobaini. Kwa hiyo unatia sukari. Vijiko vitatu, vinne, hadi kijiko kisimame. Kikombe kikiisha, kingine. Mchana wali au pasta, jioni chapati. Mchana mrefu tunatafuna miraa, na miraa ni chungu, kwa hiyo soda ya kuteremshia. Yale maziwa yote yaliyotoka maishani mwangu, mahali pake palijaa sukari, na sikuona. Nani angeona? Sote tulikuwa tunakunywa kikombe kimoja.

Tumbo likatoka. Kanzu zikabana. Na watu walisema nini? "Mashaallah, ukame umemwacha salama!" Kwetu mtu mnene ni mtu mwenye mifugo. Mimi sikuwa hata na mbuzi, lakini kwa kuniangalia ungedhani nina zizi lililojaa. Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi sana.

Ulipita muda, kisha kiu ikaja. Si kiu ya jua, hiyo naijua tangu utotoni. Hii ni kiu ambayo unakunywa na maji bado yako mdomoni, na tayari unataka mengine. Na ukinywa lazima utoke. Samahanini mama zangu, nitasema mambo ya aibu, lakini nikificha aibu nitakuwa nimekuja bure. Nilikuwa nakwenda haja ndogo mara zisizo na hesabu. Mke wangu ndiye aliyeona kwamba pale ninapokojoa, nyuma ya ua, sisimizi wanajaa. Akaniambia. Nikamwuliza mzee mmoja, akasema sisimizi hao ni dalili kuna mtu amenifunga kwa uchawi. Tukamtafuta aliyenifunga! Badala ya kumtafuta daktari, tukakaa tunahesabu maadui.

Ramadhani ikaingia. Ndugu zangu, tangu balehe sijawahi kula siku moja bila udhuru. Mwaka ule, siku ya tano, adhuhuri, nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye jerikeni la maji. Nikanywa kikombe. Nikanywa cha pili. Nikainua jerikeni lenyewe. Nikigeuka, mke wangu amesimama.

Akasema, "Baba watoto, unafanya nini?"

"Nakufa kwa kiu."

"Sote tuna kiu."

"Si kiu hii," nikamwambia. "Hii si kiu ya watu."

Hakumwambia mtu. Lakini mimi jioni nikaketi na wanaume kufuturu, nikachukua tende kama wao, nikasema dua kama wao, na moyoni nilijiona mnafiki. Mwezi mzima nilikunywa maji kwa kujificha kama mwizi. Sikujua kwamba mgonjwa ana ruhusa, kwa sababu sikujua kwamba mimi ni mgonjwa.

Baadaye lile tumbo walilolisifu likaanza kupungua. Nilitoboa mkanda tundu jipya, kisha jingine. Macho yakawa na ukungu, abiria akinipa noti naisogeza usoni. Waliosema mashaallah wakasema jicho baya. Wengine wakasema ni huzuni ya ng'ombe. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna hata mmoja aliyesema sukari. Sukari tulijua ni ugonjwa wa matajiri wa Mombasa, watu wa magari na nyama choma. Sisi wa vumbi hili tuupate wapi?

Nilikwenda dispensari, msidhani sikwenda. Sitaitaja ni ipi. Mara ya kwanza nikapewa dawa za malaria. Mara ya pili mhudumu akaniangalia vizuri, akasema, "Mzee, ningependa kukupima sukari, lakini vile vijikaratasi vya kupimia vimekwisha. Rudi Jumatatu." Nikarudi Jumatatu. Havijaja. Nikarudi Jumatatu nyingine, nikakuta kufuli, mhudumu ameenda semina. Mashine ipo, mnaelewa? Mashine ya kupimia ilikuwepo mezani, na kijikaratasi kidogo kama ukucha hakipo. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Lakini Jumatatu ya nne sikwenda. Hilo si la serikali wala la mhudumu. Hilo ni langu.

Sasa nifike kwenye mwiba.

Mathenge mnaujua. Huu mti uliomeza malisho yetu, mwiba wake unatoboa gurudumu la pikipiki. Siku moja nimerudi nyumbani mchana, nimevua sandali, nimekaa mkekani. Mke wangu akaja na chakula, akasimama.

"Umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

"Tazama mkeka."

Natazama, kuna damu kutoka mlangoni hadi nilipokaa. Akaushika mguu wangu akaugeuza. Mwiba umeingia chini ya kidole gumba, urefu wa pingili ya kidole, umevunjikia ndani. Umetoboa sandali ya tairi ukapita. Nami nilikuwa natembea juu yake, Mungu ndiye anajua tangu saa ngapi.

Akauchomoa kwa meno. Sikusikia kitu. Nikacheka, nikamwambia, "Huu ni wayo wa mchungaji, bibi. Umezoea."

Yeye hakucheka.

Kidonda hakikufunga. Tulikiosha kwa chumvi, tukatia majani, tukatia unga wa betri ambao mtu alituambia unakausha. Naona nesi anashika kichwa. Ndiyo, unga wa betri. Kikaanza kutoa harufu. Ndipo wazee wakasema kichomwe moto. Wengi hapa mna alama za moto miilini, na mimi nimechomwa tangu mtoto, ya tumbo, ya mgongo. Nikakubali.

Akaja mtaalamu wa kuchoma. Wanaume wanne wakaja kunishika, maana mtu akichomwa hushikwa. Chuma kikawekwa makaani hadi kikawa chekundu. Nikawaambia, "Msinishike."

Wakatazamana. Nikasema tena, "Nimesema msinishike. Mimi si mtoto."

Akaweka chuma. Ngozi ikalia. Harufu ikapanda, harufu ya mwili wangu mwenyewe, kama kichwa cha mbuzi kikibanikwa. Mimi namtazama usoni. Sikupepesa. Akaweka mara ya pili, pembeni. Nikamwuliza, "Umemaliza?"

Ndugu zangu, wale wanaume walipiga makofi! Mmoja akasema, "Wallahi, huyu ndiye dume la Kiorma lililobaki." Habari ikafika sokoni kabla ya jua kuzama. Watu ambao hawakuwa wakinisalimu, wakanisalimu. Mtu ambaye ng'ombe wake wote wamekufa, anayebeba wanawake na magunia kwa pikipiki ya shemeji, siku hiyo akawa mwanaume tena. Nilijivuna. Kwa siku nane nilikaa kwenye baraza ya duka nimenyoosha mguu mbele ili watu wauone.

Siku ya tisa homa ilinipiga. Mguu ukawa mweusi hadi kwenye kifundo. Mke wangu hakuniomba ruhusa. Alitafuta gari, akarudi nalo, akasema, "Panda."

Nikasema, "Nimechomwa juzi tu, ngoja moto ufanye kazi."

Akaniambia kwa sauti ambayo majirani waliisikia, "Ukifa, watoto wakiniuliza baba alikufa kwa nini, niwajibu nini? Kwamba alikuwa shujaa?"

Nikapanda.

Hospitalini alinipokea nesi, mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa. Akafungua kile kitambaa. Hakuziba pua, Mungu ambariki. Akatazama kwa muda, akauliza, "Baba, hii alama ni ya moto?"

"Ndiyo."

"Ulipochomwa, iliuma?"

Nikajikaza nikakaa vizuri kitandani. Homa na yote, nikajikaza. Nikamwambia, "Haikuniuma hata kidogo. Hawakunishika." Na nikanyamaza nikingoja anisifu kama wale wengine.

Aliweka kalamu chini.

"Baba, fumba macho. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Nikafumba. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikamwambia, "Mbona huanzi?"

"Fumbua," akasema. Ameshika kitu chenye ncha. "Nimekugusa mara sita, baba. Mara sita. Ule haukuwa ushujaa. Mishipa ya miguu yako imekufa ganzi. Mwiba hukuusikia, moto hukuusikia, na kama si mama huyu kukuleta, kifo pia usingekisikia kikija."

Nawaambia kweli, chuma kile chekundu hakikuniuma, lakini maneno yale yaliniuma. Nililia. Mbele ya mke wangu na mbele ya mtoto wa watu, nililia.

Akanitoboa kidole, akatia damu kwenye mashine. Mashine ikashindwa kutoa namba, ikaandika tu kwamba sukari iko juu kupita kipimo. Akaniuliza, "Nyumbani kwenu kuna mwingine mwenye sukari?" Nikasema hakuna. Mke wangu akanikatiza, "Dada yako je?"

Dada yangu mkubwa aliolewa Nanighi. Alikufa miaka mingi iliyopita, alikuwa anakunywa maji na kukonda, kunywa na kukonda, hadi akalala hakuamka. Sisi tulisema ana jini. Tulimsomea, tulimchinjia mbuzi, tukamzika tukisema jini limemshinda. Na mama yetu kabla yake alikuwa kipofu uzeeni, na miguu yake ilikuwa na vidonda. Yote yale yalikuwa mbele ya macho yangu. Ng'ombe wangu nilikuwa namjua nyanya yake na nyanya wa nyanya yake, nani hurithi maziwa, nani hurithi ukali. Ukoo wangu mwenyewe sikuuchunguza.

Walikata vidole vitatu na kipande cha wayo. Daktari alisema, "Tukingoja wiki moja, tutakata kwenye goti." Nikamwambia akate. Mnauona. Kiatu hiki mbele kimejaa pamba.

Nilipotoka nikaandikiwa vidonge na dawa ya sindano, insulini, asubuhi na jioni, na kliniki kila mwezi. Siku ya kliniki ya kwanza nilidhani nitawakuta wale matajiri wa Mombasa. Nilimkuta nani? Nilimkuta mchunga ngamia. Nilimkuta mwalimu wa madrasa, mwenye duka niliyekuwa nakaa barazani kwake, mama mwenye mimba, mpiga kinanda wa kanisa. Watu wetu! Benchi limejaa, wengine wamekaa chini. Mwenye duka akaniangalia, nikamwangalia. "Tangu lini?" nikamwuliza. "Mwaka wa nne," akasema. Miaka minne, ndugu zangu, ameniuzia sukari na hakuniambia neno, kwa sababu aliona haya. Nilitaka kumpiga kwa gongo langu.

Pembeni yangu alikaa mama wa Kipokomo, mwembamba, mikono ya jembe. Akanitazama sana. Akasema, "Wewe si yule ambaye ng'ombe wake walilala kwenye mpunga wangu?"

Nilimkumbuka. Tulikuwa tumefika hadi kwa chifu. Maneno tuliyoambiana siku ile siwezi kuyarudia mbele ya watoto.

Nikasema, "Ndiye mimi. Ng'ombe wenyewe wamekufa."

"Nilisikia," akasema. "Pole. Na lile shamba mto ulilibeba." Kisha akaniuliza, "Sindano yako unaiweka wapi?"

"Chini ya kitanda, kwenye mfuko."

"Kwa joto hili la Garsen? Unaipika! Unajidunga maji ya moto." Akanifundisha pale pale. Mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga wa mto, unaumwagia maji kila siku, unafunika na kitambaa kibichi, unaweka kivulini. Mwezi uliofuata alikuja nayo, mitungi miwili ameifunga kwa leso, ameibeba tangu ng'ambo. Mimi ambaye ng'ombe wangu walikula chakula cha watoto wake.

Nikamwuliza, "Wewe mkulima, mwembamba, hujawahi kupanda pikipiki kwenda msikitini. Sukari umeipataje?" Akasema mama yake alikuwa nayo na shangazi yake pia. Na mtoto wake wa mwisho alizaliwa mkubwa kupita kawaida, akafa siku ile ile, na hapo ndipo walipompima. Kwa hiyo msitazame unene peke yake. Huyu mama halali bila kulima.

Msidhani baada ya hapo njia ilinyooka. Siku moja nilijidunga nikatoka bila kula, nikaanguka sokoni natetemeka, jasho linanitoka kama nimemwagiwa ndoo. Mke wangu alikuja mbio akanitia sukari mdomoni, nikaamka. Watu wakasema, "Mnaona? Sindano ndiyo inamuua, na sukari ndiyo imemponya!" Nikawaamini. Niliacha sindano siku tano, na kiu ikarudi. Ndipo nesi akanifafanulia polepole kwamba dawa inashusha sukari mwilini, na nisipokula inaishusha mno. Jambo la maneno kumi tu, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia.

Siku hizi natembea. Pikipiki nimemrudishia shemeji. Natembea na gongo hadi msikitini, na nikitoka natembea hadi madukani na kurudi. Chai nakunywa bila kitu, na ndiyo, mama, inafanana na dawa ya kikohozi. Wali ni konzi moja, mboga sahani nzima. Jioni mke wangu ananikagua nyayo kama fundi anavyokagua gurudumu. Kidonda kimefunga. Macho yamerudi kiasi. Mwezi uliopita mashine ilitoa namba ambayo nesi aliipigia makofi, na makofi hayo niliyakubali.

Lakini hasira yangu haijaisha. Kliniki bado vijikaratasi vinaisha, na kila kiongozi anayekuja anaahidi kisha anapiga picha. Kwenye baraza ile ile ya duka vikombe ni vile vile. Na kuna mtu wa damu yangu, simtaji jina, anajijua. Nimemwona akitoka haja ndogo mara tatu kabla ya kikombe chake kupoa. Nikamwambia, "Twende ukapimwe."

Akasema, "Kwani unanihesabia?"

"Nakuhesabia, ndiyo."

Akaniambia, "Ndugu yangu, nikipimwa nitakuwa nayo. Nisipopimwa, sina."

Siku hiyo alinishinda. Nimekaa na maneno hayo wiki tatu, na jibu ninalo leo: mimi sikupimwa miaka mitatu, na miaka yote mitatu nilikuwa nayo. Iliendelea kunila bila kungoja ruhusa yangu.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyeita gari bila kuniuliza. Namshukuru yule nesi aliyeweka kalamu chini badala ya kunisifu, na daktari aliyekata kidogo akaacha kingi. Namshukuru imamu wetu, aliyesimama Ijumaa kabla ya Ramadhani akasema mbele ya wote kwamba mwenye sukari ana udhuru, ili asiwepo tena mwanaume wa kunywa maji kwa kujificha. Na wewe mama wa ng'ambo, nakuona umekaa pale, usiiname. Asante.

Funzo langu ni hili tu. Ukiwa na kiu isiyoisha, ukikonda bila sababu, kidonda kikikataa kufunga, au kwenu kuna aliyekufa hivyo mkasema jini, usitafute adui, nenda ukapimwe. Ukiambiwa rudi Jumatatu, rudi. Ukiambiwa tena, rudi tena, na piga kelele. Na nyinyi wanaume, mtu akichomwa moto asilie, msimpigie makofi. Mpelekeni hospitali.

Nesi amekaa kule chini ya turubai na mashine yake, na leo vijikaratasi viko, nimevihakikisha mwenyewe kabla ya kusimama hapa. Mimi naenda huko sasa hivi. Anayetaka tufuatane. Natembea polepole, huu mguu hautaki haraka, kwa hiyo asije mtu akaniambia kesho kwamba nilimwacha nyuma.